Nondo wa taa za nyumbani katika pwani ya Tanga

Nondo wa taa ni jina la jumla la nondo wanaovutwa na taa za nje ya nyumba wakati wa usiku. Makala hii inaeleza jinsi ya kuwatambua wale wanaoonekana katika Mkoa wa Tanga na pwani ya kaskazini ya Tanzania, hasa mwanzoni mwa masika, mwezi Machi na Aprili. Wengi wao hawana madhara yoyote kwa binadamu, na baadhi huchavusha maua. Wachache ni wazazi wa viwavi wanaoharibu mahindi, mpunga, mchicha, viazi vitamu na mazao mengine. Kwa sababu nondo hutangulia na viwavi hufuata, mtu anayeijua vizuri taa ya baraza lake anaweza kupata siku kadhaa za kukagua shamba kabla uharibifu haujaonekana.

## Jina

Neno "nondo" lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Mafundi ujenzi hulitumia kwa vyuma vinavyotiwa ndani ya zege, na katika hadithi za kale nondo ni joka kubwa. Watu wengi hulijua pia kama jina la mdudu anayetoboa nguo. Katika elimu ya wadudu nondo ni wanachama wote wa oda Lepidoptera wasio vipepeo. Duniani zimeelezwa takriban spishi 160,000 za nondo, na spishi za vipepeo ni kama 18,000 tu. Wale ambao viwavi vyao hula sufu na nguo ni spishi chache sana kati ya hizo, na kwa kawaida si wale wanaozunguka taa ya nje.

## Nondo na kipepeo

Nondo na kipepeo wana mabawa manne yaliyofunikwa kwa vigamba vidogo sana, ambavyo hubaki vidoleni kama unga mdudu anaposhikwa. Njia rahisi ya kuwatofautisha ni kuangalia vipapasio. Vipapasio vya kipepeo ni vyembamba na vina kifundo kwenye ncha, kama kijiti cha kiberiti. Vipapasio vya nondo ni kama uzi, au kama unyoya au kitana, hasa kwa madume, ambao huvitumia kunusa harufu ya majike kutoka mbali. Kipepeo akitua mara nyingi husimamisha mabawa yake juu ya mgongo. Nondo huyatandaza au huyakunja mithili ya paa la nyumba.

Kuruka usiku si kipimo cha kutosha. Nondo *Cephonodes hylas*, mwenye mabawa yanayoonyesha kama kioo, huruka mchana na kunyonya maua huku akielea hewani. Kwa hiyo watu wengi humdhania kuwa nyuki mkubwa au ndege mdogo.

## Kwa nini huja kwenye taa

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba nondo huongozwa na mwezi na kwamba taa humpoteza njia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la *Nature Communications* ulitumia kamera za kasi kubwa na kutoa maelezo mengine. Wadudu wengi warukao usiku huelekeza mgongo upande wenye mwanga zaidi. Katika mazingira ya asili upande huo ni mbingu, kwa hiyo mdudu hubaki sawa bila kupinduka. Karibu na taa, mwanga hutoka ubavuni au chini, na mdudu akiendelea kuuelekezea mgongo hujikuta anazunguka bila kuweza kutoka. Kwa maneno mengine, mdudu amenaswa na mwanga huo. Hakuja kwa kuupenda.

Rangi ya mwanga ina athari kubwa. Mwanga wenye urujuanimno na mwanga mweupe wenye ubluu huvuta nondo wengi kuliko mwanga wa manjano. Mwezi nao una athari: usiku wa giza huleta nondo wengi kwenye taa, na usiku wa mbalamwezi huleta wachache. Wavuvi wa dagaa wa pwani, wanaowasha karabai au taa za betri baharini katika siku za giza, wanaijua kanuni hiyo kwa upande wa samaki.

## Majira

Katika nchi zenye baridi kali watu hungojea majira ya kuchipua ili waone nondo wa kwanza wa mwaka. Pwani ya Tanga haina baridi ya namna hiyo, na nondo wapo miezi yote. Kinachobadilisha idadi yao ni mvua. Mkoa hupata misimu miwili ya mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mwanzoni mwa masika pepo za kaskazi huisha na kusi huanza kushika, hewa huwa na unyevu, na majani mapya huchipua.

Mvua za kwanza huleta nondo kwa njia tatu:

* Spishi nyingi hupitisha kiangazi zikiwa mabundo ardhini au viwavi waliolala ndani ya mabua makavu, na hutoka unyevu unaporudi.
* Majani machanga huwapa viwavi chakula, kwa hiyo kizazi cha kwanza hukua haraka na cha pili hufuata baada ya wiki chache.
* Baadhi ya nondo, hasa wa kiwavijeshi wa Afrika, husafiri usiku kwa kusaidiwa na upepo. Dhoruba za mvua hukusanya makundi yao na kuwashusha mahali pamoja.

## Jinsi ya kutambua

Hakuna haja ya vifaa vya gharama. Ukuta uliopakwa chokaa au shuka nyeupe iliyotundikwa karibu na taa hutosha, pamoja na rula, daftari na simu yenye kamera. Hatua zinazofaa ni hizi:

1. Kuangalia mara mbili au zaidi kwa usiku mmoja. Nondo wadogo wengi hufika mapema, kuanzia saa 1 hadi saa 3 usiku, na baadhi ya nondo wakubwa huja baada ya saa 6.
2. Kutazama umbo la mdudu aliyetua kabla ya kumgusa, kwa kuwa namna ya kukunja mabawa hutenganisha familia nyingi.
3. Kupima upana wa mabawa kutoka ncha hadi ncha, au urefu wa bawa moja la mbele.
4. Kuangalia vipapasio na sehemu ya mbele ya kichwa: je, kuna kitu kilichochomoza kama mdomo?
5. Kuona mabawa ya nyuma. Mabawa ya mbele ya spishi nyingi ni ya kijivu au kahawia na hufanana. Rangi ya kutofautisha imefichwa chini yake. Mdudu akisukumwa polepole kwa kijiti mara nyingi huyafunua.
6. Kuandika tarehe, saa, hali ya mwezi, mvua ya siku hiyo na mimea iliyo karibu na nyumba.

Hatua ya mwisho hupuuzwa mara nyingi, lakini daftari la misimu miwili au mitatu humwonyesha msomaji wake kitu ambacho picha moja haiwezi: ni nondo gani hutokea kila mwaka baada ya mvua za kwanza, na yupi ni mgeni.

## Makundi yanayoonekana sana

### Nondo wakubwa wenye macho mabawani

Familia Saturniidae ina nondo wakubwa kuliko wote wanaofika kwenye taa. *Bunaea alcinoe* ana upana wa mabawa unaoweza kuzidi sentimita 12, rangi ya kahawia, na doa la rangi ya machungwa lenye umbo la jicho kwenye kila bawa la nyuma. *Gonimbrasia zambesina* ni jamaa yake wa karibu, na viwavi vyake hula majani ya miembe. Wapevu wa familia hii hawali kitu, kwani sehemu za kinywa chao hazifanyi kazi. Huishi siku chache kwa akiba waliyoiweka wakiwa viwavi, na katika siku hizo inawabidi wapate mwenzi na kutaga. Nondo wa aina hii anayeonekana asubuhi amechoka ukutani ametumia usiku mmoja kati ya michache aliyokuwa nayo.

### Nondo wenye umbo la ndege ya kivita

Familia Sphingidae hutambulika kwa mwili mnene uliochongoka nyuma na mabawa ya mbele marefu yanayoelekea nyuma kama ya ndege ya kivita. Huruka kwa kasi na kunyonya nekta wakielea mbele ya ua.

* *Agrius convolvuli* ni wa kijivu, mwenye mistari ya waridi na nyeusi kwenye fumbatio. Mrija wake wa kunyonya unaweza kuwa mrefu kuliko mwili. Viwavi vyake hula majani ya viazi vitamu na jamaa zake. Bundo lake, linalofukuliwa wakati wa kuchimba viazi, lina mkono uliopinda kama wa birika, na ndani ya mkono huo umo mrija.
* *Hippotion celerio* ni wa kahawia, mwenye mstari wa rangi ya fedha kwenye bawa la mbele na waridi kwenye bawa la nyuma. Viwavi vyake hula mizabibu, magimbi na mimea mingine.
* *Daphnis nerii* ana rangi za kijani na waridi zilizochanganyika kama marumaru. Viwavi vyake hula oleanda, mmea wa mapambo wenye sumu.
* *Acherontia atropos* ana fumbatio lenye njano na alama kifuani inayofanana na fuvu la kichwa. Akishikwa hutoa mlio mkali. Huingia ndani ya mizinga kunyonya asali. Huko Ulaya alama hiyo ilimfanya aogopwe kama ishara ya kifo, lakini hang'ati wala hana sumu.

Kundi hili lina faida ambayo haionekani taani. Mpapai una miti dume na miti jike, na chavua lazima ihame kutoka mmoja hadi mwingine. Utafiti uliofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba wachavushaji wakuu wa mipapai huko ni nondo wa Sphingidae, na kwamba mashamba yaliyo karibu na uoto wa asili huchavushwa vizuri zaidi. Uoto huo hulisha viwavi vyao.

Spishi yenye mrija mrefu ajabu, *Xanthopan morganii*, inapatikana pia Afrika ya Mashariki. Jamaa yake wa Madagaska ni mashuhuri kwa sababu Charles Darwin alibashiri mwaka 1862 kwamba lazima awepo. Alifikiria hivyo baada ya kuona okidi ya huko yenye nekta ndani ya mrija wa karibu sentimita 30. Nondo huyo alielezwa kisayansi mwaka 1903.

### Nondo wenye rangi za onyo

*Utetheisa pulchella*, wa familia Erebidae, ni mdogo na mweupe mwenye madoa mekundu na meusi. Viwavi vyake hula mimea ya jenasi *Crotalaria*, ambayo marejea ni mmojawapo, na mimea mingine yenye sumu. Sumu hiyo hubaki mwilini mwa mpevu, na rangi zake huwaonya ndege wasimle. Mtu akiona nondo mwenye rangi kali anayekaa wazi bila kujificha, mara nyingi sababu ni hiyo.

### Nondo wa matunda

Wengi wa nondo waharibifu hufanya uharibifu wakiwa viwavi. *Eudocima fullonia* ni kinyume chao. Viwavi vyake huishi kwenye mimea ya porini itambaayo, lakini mpevu ana mrija mgumu wenye ncha kali ambao hutoboa ganda la chungwa, embe au pera na kunyonya maji yake. Tunda huoza kuanzia kwenye tundu hilo na kuanguka. Mabawa ya mbele yanafanana na jani kavu, na ya nyuma ni ya rangi ya machungwa yenye ukingo mweusi na doa jeusi katikati.

Kwa wilaya kama Muheza, inayojulikana kwa machungwa yake, nondo huyu anastahili kufahamika. Lakini taa si mahali pa kumtafuta, kwa sababu huvutwa zaidi na harufu ya matunda yaliyoiva. Mkulima humwona kwa kupita shambani usiku na tochi: macho ya nondo waliokaa juu ya matunda humetameta mwanga unapowagusa.

### Nondo wadogo

Nondo wengi taani wana upana wa mabawa usiofika sentimita 3. Wenye umbo la herufi T, mabawa yakiwa yamekunjwa kama vijiti viwili, ni wa familia Pterophoridae. Wale wanaojibandika ukutani na mabawa manne yaliyotandazwa mara nyingi ni wa familia Geometridae, ambao viwavi vyao hutembea kwa kujikunja kama mtu apimaye kitambaa kwa shubiri. Vifuko vidogo bapa vya kijivu, vinavyofanana na mbegu ya boga na kuburutwa polepole juu ya ukuta wa chumba, ni nyumba za viwavi vya familia Tineidae. Hao hula nyuzi, nywele na mabaki ya wadudu vumbini.

## Nondo wa kuangaliwa na wakulima

### Kiwavijeshi wa Afrika

*Spodoptera exempta*, wa familia Noctuidae, ni nondo wa kijivu na kahawia mwenye upana wa mabawa wa takriban sentimita 3. Mabawa yake ya nyuma ni meupe yenye mishipa myeusi. Akitua huyakunja kama paa. Hana rangi ya kuvutia macho, na mtu asiyemjua humpita.

Jike hutaga mayai mamia kwa mafungu na kuyafunika kwa nywele nyeusi za fumbatio lake. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Viwavi hukua kwa wiki mbili hadi tatu, lakini sehemu kubwa ya chakula chao huliwa katika hatua mbili za mwisho. Kwa hiyo mkulima anaweza kupita shambani siku kadhaa bila kuona kitu, kisha akakuta mahindi yamebaki mashina. Viwavi vikiwa vingi huwa vyeusi na hutembea pamoja kutoka shamba hadi shamba, na jina lao linatokana na tabia hiyo. Hula mimea ya jamii ya nyasi tu: mahindi, mpunga, mtama, ulezi, miwa na malisho ya mifugo. Shamba la kunde au muhogo halina hofu naye.

Tanzania ina mitego yenye harufu ya jike, ambayo huvuta madume ya spishi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, ilianzishwa njia ya kuwapa wanakijiji mtego na kipimo cha mvua ili watabiri wenyewe. Nondo wengi mtegoni pamoja na mvua ni dalili kwamba viwavi vitafuata.

### Kiwavijeshi vamizi

*Spodoptera frugiperda* asili yake ni Amerika. Aliripotiwa Afrika ya Magharibi mwaka 2016 na nchini Tanzania mwaka 2017. Dume ana doa jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele na alama ya mviringo iliyolala mshazari. Jike ni wa kijivu asiye na alama za wazi. Mabawa ya nyuma ni meupe yenye ukingo mwembamba wa rangi nyeusi. Kiwavi hutambulika kwa urahisi kuliko mpevu: usoni ana alama ya herufi Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Huishi ndani ya moyo wa mhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao.

### Bungua wa mabua

*Chilo partellus*, wa familia Crambidae, ni nondo mdogo wa rangi ya majani makavu. Mbele ya kichwa chake kumechomoza kitu kama mdomo mrefu. Asili yake ni Asia. Kiwavi hutoboa mabua ya mahindi na mtama. Wakati wa kiangazi baadhi ya viwavi hulala ndani ya mabua yaliyobaki shambani, na mvua zikianza hutoka wakiwa nondo. Ndiyo sababu wakulima hushauriwa kuyalaza mabua juani au kuyaondoa kabla ya msimu. Mwaka 1993 nyigu mdogo *Cotesia flavipes*, adui wa asili wa bungua huyu, aliachiliwa katika pwani ya Kenya ili kupunguza idadi yake.

### Nondo wa mchicha

*Spoladea recurvalis*, wa familia hiyohiyo, ni mmoja wa nondo rahisi kutambua taani. Ana rangi ya kahawia iliyoiva, na mkanda mweupe uliokatiza mabawa yote. Upana wa mabawa ni kama sentimita 2. Viwavi vyake vya kijani hukunja majani ya mchicha kwa nyuzi na kula wakiwa ndani. Wakionekana wengi ukutani, ni vema bustani ikaguliwe siku zinazofuata, hasa upande wa chini wa majani.

### Funza wa vitumba

*Helicoverpa armigera* ni wa manjano yenye kahawia, na bawa la nyuma ni jeupe lenye mkanda mpana mweusi ukingoni. Viwavi hutoboa nyanya, vitumba vya pamba, maganda ya mbaazi na mahindi mabichi.

## Wadudu wengine wa taa

Si kila kinachoruka taani ni nondo. Kumbikumbi hutoka baada ya mvua, na mabawa yao manne yaliyolingana huanguka kwa urahisi. Madume ya siafu ni makubwa, ya kahawia, na yana fumbatio refu kama soseji. Vitukutuku wapevu hufanana na kereng'ende, ila wana vipapasio virefu vyenye kifundo.

Mdudu wa kuogopwa zaidi hapo si nondo bali ni mbawakawa mdogo wa jenasi *Paederus*, ajulikanaye kama mdudu wa Nairobi. Ana urefu usiozidi sentimita 1, mwili wenye sehemu nyekundu na nyeusi zinazopishana, na mgongo wenye mng'ao wa bluu au kijani. Hang'ati, lakini akipondwa juu ya ngozi hutoa sumu inayosababisha malengelenge baada ya siku moja au mbili. Walionekana kwa wingi Kenya mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño. Akitua mwilini apulizwe, asipigwe. Aliyempondea ngozini aoshe mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni, na asiguse macho.

## Mipaka ya kutambua kwa taa

Taa haichagui. Mtego wa harufu huvuta spishi moja au chache, lakini taa hukusanya kila arukaye. Nondo kadhaa wa jenasi *Spodoptera* hufanana sana, hasa majike na wale ambao vigamba vyao vimepukutika. Wataalamu huwatofautisha kwa kuangalia vigamba na viungo vya ncha ya fumbatio kwa lenzi. Vilevile nondo aliyefika barazani huenda yuko safarini na hatataga katika kijiji hicho.

Kwa sababu hiyo nondo wa taani ni sababu ya kukagua, si sababu ya kupulizia dawa. Anayedhani amemwona kiwavijeshi anapaswa kuangalia mimea michanga ya nyasi na mahindi kila baada ya siku mbili, akitafuta mafungu ya mayai na majani yenye vidirisha vilivyokwanguliwa. Akivikuta, amjulishe afisa ugani wa kata au kijiji mapema. Kitaifa udhibiti wa visumbufu vya mimea husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), yenye makao makuu Arusha. Kupulizia shamba kwa sababu ya nondo wa ukutani hupoteza fedha, na huua nyigu na buibui ambao wangewala viwavi.

Ugumu huongezeka karibu na milima. Misitu ya Usambara ya Mashariki, juu ya Muheza, ina spishi nyingi kuliko ukanda wa pwani, na baadhi hazipatikani penginepo. Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani mwaka 1902, na tangu wakati huo wadudu wengi wa Usambara wamekusanywa na kupewa majina. Kwa Sphingidae, orodha ya R. H. Carcasson ya miaka ya 1960, yenye maelezo ya spishi za Afrika ya Mashariki, iliwasaidia watafiti wengi. Kwa nondo wadogo wa misituni, kufikia familia au jenasi ni kazi nzuri ya kutosha kwa mtu asiye mtaalamu.

## Athari za taa kwa nondo

Taa inayowaka usiku kucha huwagharimu nondo. Wanaozunguka huchoka bila kula, kujamiiana wala kutaga, na wengine huliwa na mijusi kafiri, vyura na popo waliozoea kuwinda hapo. Nondo anayepotea kwenye taa huenda ndiye angepeleka chavua kwenye mpapai wa jirani.

Anayetaka kupunguza wadudu nyumbani anaweza kutumia balbu ya mwanga wa manjano, kuifunika juu na pembeni ili imulike chini tu, na kuizima isipohitajika. Balbu ya namna hiyo haifukuzi wadudu, bali huvuta wachache zaidi, na haichukui nafasi ya chandarua dhidi ya mbu. Kwa anayetaka kujifunza, saa moja au mbili za mwanga mweupe zinatosha. Baada ya hapo taa huzimwa, na wadudu waliobaki kwenye shuka hukung'utwa polepole juu ya majani ili waondoke kabla ndege hawajaamka.